Dawa ya Usiku na Kivuli cha Mchana

Wahenga wetu walisema kwamba kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Methali hii aghlabu hutumiwa kumwambia mtu kuwa msaada haba si msaada, lakini leo nataka kuichukua kwa maana yake ile ile ya asili, ya jua na ngozi ya binadamu. Kwani limezuka jambo katika miji yetu ya Mwambao, kuanzia Lamu na Malindi hadi Mombasa na Kwale, ambalo lafaa lizungumzwe kwa utulivu, bila ya kuwacheka wanaolifanya na bila ya kuwatisha.

Jambo lenyewe ni hii dawa ya uso iitwayo retinoli. Ukipita katika maduka ya vipodozi hapa Mombasa utaiona imepangwa katika vichupa vidogo vidogo, na bei yake si ndogo. Wasichana huambiana habari zake. Mama zao huitafuta kwa ajili ya mikunjo na madoa. Na hata wanaume huinunua, ijapokuwa wao huinunua kimya kimya. Muuzaji huisifu kwamba huondoa chunusi, hulainisha mikunjo, hufifiza madoa na kuurejesha uso katika ujana wake. Mengi katika hayo yana ukweli ndani yake. Lakini asilolisema muuzaji ni kwamba anachouza ni nusu ya dawa tu. Nusu ya pili haimo ndani ya kichupa. Nusu hiyo ni kivuli. Atumiaye retinoli usiku, kisha mchana akatoka uso wazi katika jua letu hili, huyo amejikinga kwa kivuli cha fimbo.

SIFA YA PAPA

Kwanza na tukijue kitu chenyewe. Retinoli si kitu kigeni kama jina lake lilivyo. Ni vitamini A, ile ile iliyomo katika maini, mayai, maziwa na mafuta ya samaki. Wazee wetu wa baharini walikuwa nayo mikononi bila ya kulijua jina lake. Kila aliyekulia karibu na bandari ya majahazi aijua harufu ya sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, ambayo mabaharia huzipaka mbao za chombo sehemu ya juu ili jua na chumvi visizipasue, na sehemu ya chini wakaitia deheni. Maini hayo ya papa ni hazina kubwa ya vitamini A. Katika miaka ya 1940 papa walivuliwa kwa wingi mno katika pwani ya California, Marekani, kwa ajili ya maini yao, hata wakapungua sana. Uvuvi ule ulikuja kupoa baada ya mwaka 1947, wataalamu wa kampuni ya Hoffmann-La Roche ya Uswisi walipopata njia ya kuitengeneza vitamini hiyo kiwandani. Retinoli iliyomo katika vichupa vya leo ni hiyo ya kiwandani. Asije mtu akasoma maneno haya kisha akajipaka sifa usoni. Sifa ni ya jahazi.

Kazi ya retinoli ni hii. Ngozi ya mwanadamu hujivua na kujivika. Chembe mpya huzaliwa chini, zikapanda juu, kisha zikapukutika bila ya mwenyewe kuona. Kwa kijana safari hiyo huchukua kiasi cha mwezi mmoja, na kadiri umri uzidivyo ndivyo mwendo upunguavyo. Retinoli ikiingia katika ngozi hugeuzwa hatua kwa hatua ikawa asidi, na asidi hiyo ndiyo izihimizayo chembe kuzaliwa upesi na kwa mpango, na kuifanya ngozi itengeneze zile nyuzi ziitwazo kolajini, ambazo kwa ngozi ni kama boriti kwa nyumba. Ndipo vitundu vya ngozi vizibukapo, chunusi zikapungua, na baada ya miezi mikunjo midogo ikalegea.

Iko na ndugu yake iitwayo tretinoini. Hii ndiyo ile asidi yenyewe, haingoji tena kugeuzwa, na ukali wake ni mwingi zaidi. Hii ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Retinoli ni pole kuliko hiyo, ndiyo maana huuzwa dukani pamoja na sabuni na manukato. Mnunuzi na ayatazame vizuri maandishi ya kichupa, kwani majina hukaribiana na wauzaji wengine huyachanganya.

NGOZI ZA WAFUNGWA

Dawa hizi zina historia, na historia hiyo ina mazuri na mabaya yake.

Aliyeipatia tretinoini umaarufu ni Dakta Albert Kligman, mwalimu wa maradhi ya ngozi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Mwaka 1969 yeye na wenzake walitangaza kuwa dawa hiyo hutibu chunusi, na mwaka 1971 serikali ya Marekani ikaruhusu iuzwe kwa jina la Retin-A. Baadaye wanawake watu wazima waliokuwa wakitibiwa kwayo wakaanza kueleza kuwa nyuso zao zimekuwa nyororo na mikunjo imepungua. Uchunguzi ukafanywa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1986, na mengine mwaka 1988, yakaonyesha kwamba dawa ile hutengeneza kiasi fulani cha madhara ambayo jua limeifanyia ngozi.

Tuyatie maanani maneno hayo, madhara ya jua. Sehemu kubwa ya kile tukiitacho uzee wa uso si kazi ya miaka, ni kazi ya jua. Mwaka 2012 jarida la madaktari la New England huko Marekani lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyekuwa dereva wa lori kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa karibu na dirisha, ulikuwa umekunjamana na kuporomoka, na upande wa kulia ulikuwa kama wa mtu aliye mdogo kwake. Mtu ni mmoja, umri ni mmoja, lakini jua lilimpiga upande mmoja. Kioo hakikumfaa, kwani iko miale ya jua ipitayo katika kioo. Madereva wetu wa matatu na malori, ambao kwa sheria ya barabara zetu hukaa kulia, na wajitazame mkono wa kulia na wa kushoto, wataelewa.

Basi ikiwa dawa hii kazi yake ni kutengeneza kilichoharibiwa na jua, iko faida gani kwa mtu kujipaka usiku na kulirudia jua asubuhi? Ni kuziba nyufa za jahazi usiku na kukipandisha chombo juu ya mwamba alfajiri.

Uko na ukurasa mwingine wa historia hii usiopendeza. Tangu mwaka 1951 hadi 1974 Kligman huyo huyo aliendesha majaribio ya dawa na vipodozi juu ya miili ya wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia. Wengi wao walikuwa watu weusi, walilipwa vijisenti, na wengi hawakuelezwa sawasawa walichokuwa wakipakwa. Tretinoini ni miongoni mwa vilivyojaribiwa humo. Mwaka 2022 mji wa Philadelphia uliomba radhi rasmi kwa yaliyotendeka. Na mwaka 1975 Kligman na mwenziwe walichapisha namna ya kuchanganya vitu vitatu, tretinoini, haidrokwinoni na dawa ya jamii ya steroidi, wakaeleza kuwa mchanganyiko huo uliondoa kabisa weusi wa ngozi ya mtu mweusi.

Mchanganyiko wa namna hiyo madaktari huutumia mpaka leo, kwa kipimo na kwa muda maalumu, kutibu mabaka yanayowatoka watu mashavuni. Daktari huangalia, akasimamisha panapostahili. Lakini viungo vivyo hivyo vimevuka bahari bila ya daktari wao, vikaingia katika vikopo visivyo jina na katika mikoba ya wakorogaji wa mitaani. Hapo ndipo penye hatari ninayotaka kuitaja wazi.

WEUPE NA KIVULI

Retinoli si dawa ya kujichubua, na anayeiuza kwa sifa hiyo anawadanganya watu. Inaweza kufifiza doa, kwa sababu huondoa ngozi iliyochoka na kuleta mpya, lakini rangi ya mtu aliyoumbwa nayo haiigeuzi. Basi mnunuzi aonaye haukuwa mweupe baada ya wiki mbili hurudi dukani akanung'unika, na hapo ndipo anapoletewa kikopo kingine cha kuchanganya. Ndani ya kikopo hicho huenda mna zebaki, ambayo huharibu figo. Huenda mna steroidi, ambayo huifanya ngozi nyembamba kama karatasi, ikachanika na kutoka mishipa. Huenda mna haidrokwinoni nyingi, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huacha weusi wa buluu usiotoka tena, yaani kinyume cha kile alichokitaka mtu. Serikali ya Kenya ilivipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na dawa za homoni tangu mwaka 1998, na mwaka 2023 mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata yalikubaliana huko Geneva kuondoa zebaki katika vipodozi vyote ifikapo 2025. Marufuku yako, na vikopo vingali viko.

Weusi wetu si doa la kufutwa. Ni kinga. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1979 ulionyesha kuwa ngozi nyeusi humkinga mwenyewe na miale iunguzayo kiasi cha mara 13, na ngozi nyeupe kiasi cha mara 3 tu. Ajichubuaye huuvua mwavuli aliozaliwa nao, kisha akatoka juani. Na akichanganya na retinoli, ambayo katika miezi ya mwanzo huifanya ngozi kuwa laini na yenye kushtuka upesi, basi amejivua mwavuli mara mbili. Sisi Waislamu tumefundishwa katika Suratur-Rum kwamba kutofautiana kwa rangi zetu ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Anayejua hilo atafikiri mara mbili kabla ya kulipa fedha ili aifute ishara.

Lakini tusiwalaumu wanawake peke yao, kwani tamaa hii ya weupe ina mizizi katika historia yetu sisi wenyewe. Katika Lamu ya karne ya 19, mwanamke wa kiungwana alipotoka nje alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kilichosimamishwa kwa miti na kuchukuliwa na watumwa. Aliyekuwa ndani alikuwa kivulini, na waliochukua miti walikuwa juani. Waliolima mashamba walikuwa juani, na wenye mashamba walikuwa barazani. Kwa hivyo rangi ya maji ya kunde ikawa alama ya aliyepata kivuli, na weusi ukawa alama ya aliyenyimwa. Watumwa wakaachwa huru, shiraa ikatoweka, lakini macho yetu yakabaki yakitazama kwa desturi ile ile. Kilichokuwa na thamani tangu hapo ni kivuli, si weupe. Sisi tumekisahau kivuli, tukabaki kuukimbilia weupe.

KIPIMO CHA KIVULI

Sasa jua lenyewe. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya mstari wa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa Machi na tena mwanzo wa Oktoba, jua la mchana hupita juu ya utosi wetu hata kivuli cha mtu kikaingia chini ya miguu yake. Wataalamu hupima ukali wa miale ya urujuanimno kwa tarakimu, na kuanzia 11 huiita kali kupita kiasi. Kwetu sisi, katika miezi mingi ya mwaka, tarakimu hiyo hufikiwa na kupitwa wakati wa adhuhuri. Mawingu hayaizuii miale yote, na mchanga mweupe na maji ya bahari huirudisha juu usoni. Pepo za Kusi nazo hudanganya watu, kwani mtu huona baridi akadhani jua halimuunguzi.

Mtu atauliza, je, ninunue mashine ya kupimia miale? La. Kipimo tunacho, na tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo. Madaktari wa ngozi wana kanuni moja nyepesi. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, jisitiri. Kikiwa kirefu kuliko wewe, ukali umepungua. Na nani katika sisi asiyejua, tangu alipodurusu Safinatun-Najah, kwamba kwa madhehebu ya Imamu Shafi wakati wa Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na kitu chenyewe, baada ya kukitoa kivuli cha istiwaa? Ni kipimo kile kile. Mwadhini aadhiniye Alasiri anatangaza pia, kwa mwenye kutafakari, kwamba ukali wa jua umevunjika. Hapa Mombasa huwa kiasi cha saa tisa u nusu au saa kumi kasorobo. Na kwa upande wa asubuhi, kivuli hulingana na mtu kiasi cha saa tatu u nusu. Basi kati ya saa tatu u nusu na Alasiri, uso uliopakwa retinoli usiku wake hauna kazi juani, ila kwa dharura na kwa kinga.

Jua si adui. Mwili hulihitaji jua ili utengeneze vitamini D, na bila ya jua tusingekula. Lakini katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu ametaja kivuli, na nguo zitukingazo na joto, katika jumla ya neema alizotujaalia. Wazee wetu waliifahamu neema hiyo. Tazama mitaa ya Mkomani huko Lamu, ilivyobanana hata ukuta wa nyumba hii ukaitilia kivuli nyumba ile. Tazama mabaraza, makuti, chapeo za miyaa za wavuvi, miavuli ya akina bibi. Dada zetu wa Ngazija na Maore hupaka uso msindzano, na wanawake wa Kimakua wa kaskazini ya Msumbiji wana musiro, na sisi tuna liwa. Hatuwezi kudai kwamba liwa ni kinga ya miale kama mafuta yaliyopimwa, lakini aliyejipaka liwa alikaa ndani mpaka ikauke, na kule kukaa ndani kulikuwa ni nusu ya uzuri wake.

NAMNA YA KUTUMIA

Kwa anayetaka kuitumia retinoli, utaratibu wake waweza kufungamana vizuri na vipindi vyetu vya sala.

Baada ya Isha, ambapo hakuna tena kutawadha mpaka Alfajiri, mtu na aoshe uso kwa sabuni laini, aukaushe, angoje kidogo mpaka ukauke kabisa. Achukue dawa kadiri ya punje moja ya mbaazi, hiyo yatosha uso mzima. Ajiepushe na kope, pembe za mdomo na za pua. Kisha apake mafuta ya kawaida ya kulainisha juu yake. Mwezi wa kwanza siku mbili kwa wiki zatosha; ngozi ikizoea aongeze pole pole. Katika wiki za mwanzo uso huweza kukauka, kuwasha na kubambuka kidogo. Ukiwaka kama moto, aache. Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Faida haionekani kabla ya miezi mitatu, na anayezidisha kipimo ili aipate upesi hupata vidonda upesi. Dawa hii hupakwa usiku kwa sababu mbili: mwangaza huiharibu, na ngozi iliyotoka kupakwa haistahimili jua.

Baada ya Alfajiri, kabla ya kutoka, aoshe uso na apake mafuta ya kukinga jua. Katika chupa zake mna herufi SPF na tarakimu. Yenye 15 huzuia kiasi cha asilimia 93 ya miale iunguzayo, ya 30 asilimia 97, na ya 50 asilimia 98. Ya 30 yatosha, na si lazima mtu ajiumize kwa bei ya 50. Muhimu ni kipimo. Wengi hujipaka tone, nao wahitaji mafuta ya kujaza urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo. Na iwe ni yenye kukinga miale ya aina zote mbili, ile iunguzayo na ile izeeshayo ipitayo katika kioo.

Tena mafuta hayo hayadumu siku nzima. Madaktari husema yarudiwe kila baada ya saa mbili kwa aliye juani, na sisi tunayaosha kwa udhu wa Adhuhuri na wa Alasiri. Basi atawadhaye na aende na kichupa chake. Ama suala la udhu, mafuta yaliyonywewa na ngozi, ambayo maji hupita juu yake, hayana neno. Lakini kipodozi kiwekacho utando kama nta sharti kiondolewe kwanza. Mwenye shaka na amuulize shekhe wa mtaa wake, asiliache suala likamkera.

Na asiyeweza kununua mafuta hayo asikate tamaa. Mwavuli, ukaya, kofia pana na upande wa kivuli wa njia ni kinga iliyo bora kuliko mafuta, nayo haioshwi kwa udhu.

Neno moja la ndimu. Iko desturi ya kujisugua uso kwa ndimu ili kung'arisha. Maji ya ndimu yakikaa juu ya ngozi na jua likayapiga, huunguza hata kutoa malengelenge na kuacha mabaka meusi kwa majuma mengi. Ndimu na retinoli zikikutana usoni, msiba ni mmoja na nusu. Ndimu tuiache kwenye samaki.

BIBI ARUSI NA MJA MZITO

Wasiwasi wangu mkubwa ni juu ya mabibi arusi. Desturi yetu ilikuwa mwari akikaribia arusi huwekwa ndani, akasingwa kwa singo na liwa, akafukizwa udi, asitoke ila usiku na mwenziwe. Watu hudhani uzuri wake siku ya arusi ulitoka katika singo peke yake. Nao pia ulitoka katika zile siku za kivuli. Leo bibi arusi hupakwa dawa kali saluni asubuhi, mchana yuko juani akinunua vitambaa, jioni anashangaa kwa nini uso umewaka. Wengine huanza retinoli wiki moja kabla ya arusi, wakaingia ukumbini uso ukibambuka. Anayeitaka na aianze miezi mitatu kabla, au aiache mpaka arusi ipite.

Lakini liko kubwa kuliko uso. Bibi arusi wa leo, kwa uwezo wa Mola, ni mja mzito wa kesho. Dawa za jamii hii si za wakati wa mimba. Iko moja ya kumezwa, isotretinoini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982 kwa chunusi kali, nayo ikaonekana kuwadhuru watoto tumboni, wakazaliwa na kasoro za kichwa, za moyo na za ubongo. Za kupaka huingia mwilini kwa uchache sana, lakini madaktari huzikataza kwa waja wazito kwa tahadhari, na wanaonyonyesha nao hutakiwa wamuulize daktari kwanza. Jambo hili huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi. Lafaa kusemwa kwa sauti na muuzaji, na somo wa bibi arusi, na mama mkwe. Anayetarajia kushika mimba na aiache mapema, wala asione kwamba amekosa kitu. Kivuli hakikatazwi kwa mja mzito, na mabaka ya mashavuni yatokayo wakati wa mimba huzidishwa na jua na kupunguzwa na kivuli.

WANAOKIHITAJI ZAIDI

Tukizungumza juu ya mafuta ya jua tusiwasahau ndugu zetu wenye ualbino. Kwao haya si mambo ya urembo. Wamezaliwa bila ya ule mwavuli wa weusi, na jua la Mwambao huwaletea saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Serikali ya Kenya imekuwa ikiwagawia mafuta ya kukinga jua kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, kilianzishwa kituo cha kutengeneza mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili yao hasa. Ni aibu kwetu ikiwa katika nyumba moja chupa ya mafuta ya jua iko mezani kwa ajili ya mikunjo ya mama, na mtoto wa jirani mwenye ualbino ananyimwa ruhusa ya kuvaa kofia shuleni. Mwalimu, awe wa shule au wa chuo, amruhusu mtoto huyo kofia na mikono mirefu, na amweke mbali na dirisha. Haigharimu kitu.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema. Sijamkataza mtu retinoli. Ni elimu, na elimu humfaa aitumiaye kwa kipimo. Lakini aliyenunua kichupa na akakosa kivuli amenunua nusu, na aliyechanganya kichupa na mkorogo amenunua maradhi. Kwa ufupi wake, nami ni mtu wa mashairi, ni hivi:

Usiku pakaa dawa, mchana shika kivuli,
Rangi uliyojaliwa, usiifute kwa mali,
Mwili ulokabidhiwa, ni amana ya Jalali,
Dawa pasi na kivuli, ni jahazi bila sifa.